Kabla Hujafungua Hiyo Torenti

Ndugu yangu, dada yangu, wacha nikuulize. Ile programu ya torenti uliyoweka kwenye laptopu ya nyumbani upate muvi na gemu bila kulipa, unajua inafanya nini usiku wewe ukiwa umelala?

Wengi tunadhani inachukua tu. La! Inatoa pia. Ukipakua kitu kwa tovuti ya kawaida, faili linatoka kwa kompyuta za mwenye tovuti hadi kwako. BitTorrent, aliyoitoa Bram Cohen mwaka wa 2001, haiendi hivyo. Faili hukatwa vipande. Unachukua kipande kwa huyu, kingine kwa yule, na papo hapo wengine wanachukua kwako. Ili mpeane, kompyuta zenu lazima zijuane kwa anwani ya IP. Kwa hivyo yeyote anayejiunga na faili lile, awe mwenye muvi, tapeli au mpelelezi, anaweza kuiona anwani yako na kujua unachukua nini. Hahitaji kuvunja mlango, umemfungulia mwenyewe.

Utasema, "Kwani hapo kuna jina langu?" Jina halipo, kweli. Lakini kampuni ya intaneti inaweza kuwa na rekodi ya nani alipewa anwani ile saa ile. Na laini ya Wi-Fi imeandikwa jina la nani? La baba, la mama, au la jirani aliyekupa pasiwadi kwa wema wake. Wewe unapakua, yeye ndiye ataulizwa. Hiyo si haki.

Kuna hatari nyingine. Programu kama LimeWire ziligawa folda nzima, na watu wengi walifungua folda zenye hati zao za siri bila kujua. Mwaka wa 2007 mtu mmoja wa Seattle, Marekani, alikamatwa kwa kuchota fomu za kodi na rekodi za mikopo za watu kwa njia hiyo, kisha kutumia majina yao kununua vitu. Mwaka wa 2010 serikali ya huko iliandikia karibu mashirika 100 kuwaambia habari za wateja na wafanyakazi wao zimevuja kwa mitandao hiyo. LimeWire ilifungwa na korti mwaka huo huo, na BitTorrent hugawa yale mafaili uliyochagua tu. Lakini programu za kugawana folda bado zipo. Sasa fikiria laptopu yenu ina nini: skani ya kitambulisho, PIN ya KRA, vyeti vya shule, picha za dada zako. Hizo ni amana, si zako peke yako.

Tena kuna virusi. Machi 2016, Transmission, programu halali ya torenti, ilipachikwa virusi vya KeRanger kwa toleo la kompyuta za Mac, tena kwenye tovuti yake rasmi. Vilikaa kimya siku tatu, kisha vikafunga mafaili ya watu na kudai bitcoin moja. Ikiwa programu halali yaliikuta hayo, je, gemu ya wizi inayokwambia uzime antivirusi kwanza?

Sisemi teknolojia hii ni haramu. Linux husambazwa kwa torenti, halali kabisa. Na usidhani VPN ya bure ndiyo dawa. Inaficha anwani yako kwa wageni, lakini mwenye VPN sasa ndiye anaona unakokwenda. Unamjua?

Kifungu cha 31 cha Katiba yetu kinakulinda usipekuliwe wala siri zako kuanikwa ovyo. Tunapaza sauti simu zetu zikipekuliwa bila idhini ya korti, na tuko sawa. Lakini haki hiyo huwezi kuidai mchana kisha usiku ukaanika nyumba nzima kwa sababu ya muvi.

Basi fanya haya leo. Toa programu hiyo kwa mashine ya familia. Angalia ni folda gani zilikuwa zinagawanywa. Hati muhimu ziweke kwa fleshi, mbali na laptopu. Programu usiitoe kwa torenti ya mtu usiyemjua. Na Wi-Fi ya mtu, mwombe ruhusa kwanza.

Mwambie na mwenzako, hasa yule anayekutumia viungo vya muvi kila Ijumaa usiku.