Uhakiki wa Michezo ya Video si Kuhesabu Dhambi

Yapo maandiko ya Kiswahili kuhusu michezo ya video, nayo si mengi. Katika hayo machache, sehemu kubwa ina sura moja. Mwandishi hutaja jina la mchezo, akasema kwa mstari mmoja kwamba vijana wanaupenda, kisha akaanza kuhesabu: damu imo, bunduki zimo, matusi yamo, uchawi umo, wanawake wasiojisitiri wamo. Akimaliza hesabu hutoa hukumu, na hukumu ni ile ile siku zote: wazazi wakae macho, kizazi kinaangamia. Ukimwuliza mwandishi huyo mchezo wenyewe huchezwaje, hupati jibu. Sisi twasema kwamba maandiko ya namna hii si uhakiki. Na ijapokuwa waandikao wana nia njema, yamwacha mzazi pale pale alipokuwa, tena wakati mwingine yampoteza njia.

Haya hatuyasemi kwa ajili ya watu wa mijini peke yao. Na tuitazame Mkula, mkoani Simiyu, katika nchi ya pamba. Mchezo wa video hufika mahali kama Mkula kwa njia mbili: kwa simu ya mkononi, na kwa kibanda cha gemu, yaani chumba kimoja chenye runinga, mashine, pedi mbili na benchi, ambamo kijana hulipa kwa kila mechi. Katika nchi za Ulaya, tangu mwaka 2003, kasha la mchezo hutiwa alama ya umri kwa utaratibu uitwao PEGI. Marekani wanao utaratibu wao tangu mwaka 1994. Lakini kibandani hakuna kasha. Mchezo umenakiliwa kutoka mashine hadi mashine, na alama ile ya umri imebaki njiani. Mama aliyeko shambani akichuma pamba, ambaye mwanawe ametoka shule na bado hajafika nyumbani, hana kasha la kusoma; na hata angekuwa nalo, limeandikwa kwa lugha isiyo yake. Tegemeo lake ni neno la Kiswahili, lililoandikwa na mtu aliyetangulia kuutazama mchezo kwa niaba yake. Neno hilo likiwa ni “unaangamiza vijana” basi, mama yule hakupewa kitu.

Na tujaribu kukitumia kipimo chao kwa mchezo ambao hakuna mtu anayeuogopa. Wasukuma wanao mchezo wa mashimo na kete uitwao isolo, ndugu wa bao la pwani. Mhakiki wetu mkali akiketi mbele ya ubao ataandika hivi: Mchezo huu wafundisha kuteka. Mchezaji husifiwa kwa kadiri anavyokula kete za jirani yake, wala harudishi hata moja. Hakuna huruma kwa aliyefilisika. Watazamaji na wachezaji hutupiana maneno ya kejeli. Watu wazima hupoteza mchana kutwa chini ya mti. Alama za maadili: sifuri. Kila neno hapo ni kweli, na jumla yake ni upuuzi, kwa sababu ameacha kusema lile lililo kubwa, kwamba bao ni hesabu, ni subira, ni kuiona hatua ya tano kabla mkono haujagusa kete ya kwanza. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, wala hatujasikia mtu akidai kwamba huko ndiko alikojifunza kunyang’anya.

Mwalimu huyo huyo, akiwa Rais wa nchi, alichapisha mwaka 1963 tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ambayo ndani yake Kaizari anachomwa visu na rafiki zake mchana kweupe, na wauaji wanaichovya mikono yao katika damu yake. Mwenye kuhesabu damu ataiweka tamthilia hiyo katika rafu gani? Damu imo, tena nyingi. Lakini msomaji mwenye akili hauulizi wingi wake. Huuliza imemwagwa kwa ajili gani, na aliyeimwaga amepata nini baadaye, thawabu au majuto. Swali hilo hilo ndilo lipasalo kuulizwa juu ya mchezo wa video, na juu ya mchezo wa video ni zito zaidi, maana hapo mchezaji si mtazamaji, yeye ndiye aliyeshika kisu. Upo mchezo wa Kimarekani uitwao Undertale, uliotolewa mwaka 2015. Umejaa mazimwi na mapigano. Hata hivyo mchezaji aweza kuumaliza wote bila kuua zimwi hata moja, kwa kusema nao na kuwahurumia. Na akiua, mchezo humkumbusha alilofanya. Kwa daftari la dhambi mchezo huo umekwisha anguka katika neno “mapigano”, na mhakiki amekwisha funga kalamu yake kabla hajaliona jambo ambalo wengi wa wahubiri wetu wangelipenda kulifundisha.

Asije mtu akadhani kwamba twatetea kila kitu. Grand Theft Auto si mchezo wa mtoto wa darasa la tano, na mwenye kibanda anayemwekea mtoto huyo mchezo huo anastahili kukemewa, tena kwa sauti. Lakini hata hapo na tujifunze kutoka kwa historia yake. Mchezo wa namna hiyo uitwao San Andreas ulitolewa mwaka 2004, nao ulipewa alama ya kijana wa miaka 17. Mwaka 2005 ikagunduliwa kwamba ndani yake yamefichwa matendo ya faragha ya mume na mke, na alama ikabadilishwa Marekani kuwa ya watu wazima peke yao. Nani aliyeyagundua? Hayakugunduliwa na wale waliokuwa wakiulaani mchezo kwa mbali. Yaligunduliwa na Mholanzi mmoja, mpenzi wa mchezo wenyewe, aliyeufungua na kuuchungua mpaka ndani ya matumbo yake. Ajuaye ndiye aonaye, hata katika mambo ya haya.

Sasa tufike penye kiini cha hoja yetu. Kosa kubwa la uhakiki wa kuhesabu dhambi si kwamba ni mkali mno. Kosa lake ni kwamba ukali wake umeelekezwa upande mmoja, na upande wa pili mlango umeachwa wazi. Mchezo wa mpira wa miguu hauna damu, hauna uchi, hauna mizimu. Kwa hesabu ya mhakiki wetu ni mchezo safi, na mzazi humwachia mwanawe kwa moyo mkunjufu. Kumbe ndani ya mchezo maarufu kuliko yote ya aina hiyo, ule ulioitwa FIFA na ambao tangu mwaka 2023 huitwa EA Sports FC, mna duka la pakiti za wachezaji. Mtoto hununua pakiti bila kujua ni mchezaji gani aliyemo: pengine nyota, pengine mtu asiyejulikana, na aliyekosa hununua tena. Mwaka 2018 mamlaka ya Ubelgiji ilitamka kwamba biashara ya namna hii ni kamari, na mapema mwaka 2019 kampuni ikaacha kuuza humo nchini sarafu za kununulia pakiti hizo. Ubelgiji hawakuhesabu risasi wala mavazi. Walitazama fedha zinaingiaje na zinatokaje.

Hapa kwetu jambo hilo halihitaji hata pakiti. Vijana wakishaketi kibandani hawachezi bure. Huwekeana dau, na aliyefungwa hulipa. Mara nyingi hatua chache kutoka hapo ipo mashine ya kutumbukiza sarafu, ambayo vijana huiita dubwi, na kutoka dubwi hadi mkeka wa kubeti kwa simu ni safari fupi sana. Sheria yetu ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 imemkataza aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria hulinda mlango unaojulikana kuwa ni mlango. Msimu wa kuuza pamba, nyumba za wakulima zina fedha taslimu kwa majuma machache, fedha ambazo ni ada, ni mbegu, ni dawa ya mgonjwa. Ikiwa mzazi wa Mkula ameambiwa kwamba hatari ya gemu ni picha za mashetani, atachungulia runinga, ataona wachezaji wa mpira wamevaa jezi, atashukuru na kwenda zake. Huyu amedanganywa, na aliyemdanganya alikuwa akimhubiria maadili.

Wengine watasema kwamba ugomvi na visu vya mitaani vyatoka katika michezo hii. Tunaliheshimu jambo hilo kwa kuwa lina uchungu, lakini halina budi kupimwa. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa vijana wapatao 1,000 wa Uingereza, wenye umri wa miaka 14 na 15. Hawakuwauliza vijana peke yao; waliwauliza wazazi pia juu ya tabia za watoto wao. Hawakuona uhusiano kati ya kucheza michezo ya mapigano na ukali wa tabia. Si lazima tuukubali uchunguzi mmoja kama msahafu. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake ya maradhi ugonjwa wa kushindwa kujizuia na gemu, na orodha hiyo ilianza kutumika mwaka 2022. Tazama jinsi ulivyoelezwa: mtu ambaye mchezo umemtawala, akauweka mbele ya kula, kusoma na jamaa zake, akaendelea nao ingawa anaona unamharibu. Halikutajwa neno la bunduki. Aweza kuugua ugonjwa huo mwenye kucheza mchezo wa kupanga matunda.

Sisi tuliosoma katika shule za misheni twaijua desturi hii ya kuhukumu tusichokitazama, kwa maana tulilelewa ndani yake. Ngoma ilikuwa dhambi, mpira ulikuwa fadhila, wala hatukuelezwa sababu. Katika nchi ya Wasukuma jambo hilo lina historia ndefu. Ushindani wa ngoma za Bagika na Bagalu, ambamo kundi livutalo watazamaji wengi ndilo hushinda, ulichanganywa na dawa za kienyeji za kuwavuta watu. Na kwa sababu ya dawa hizo Wakristo wengi waliambiwa waiache ngoma yote, pamoja na nyimbo zake, ufundi wake na mzaha wake. Hivyo ndivyo daftari la dhambi lifanyavyo kazi: likiona doa moja hutupa kanzu nzima. Lakini alikuwako Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyefanya kazi Bujora, karibu na Mwanza, tangu miaka ya 1950. Yeye alikwenda kutazama. Alijifunza ngoma zinavyopangwa na vifaa vyake vina maana gani, akavikusanya, na jumba la makumbusho la Wasukuma lililoko Bujora ni matunda ya kazi hiyo. Ngoma za Bulabo zingali zikichezwa hapo kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Padre huyo hakuacha kuwa padre, wala hakusema kwamba kila kitu ni chema. Alijua tu anachokisema.

Liko pia jambo la mafundi wetu wenyewe, ambalo tutaligusa kwa ufupi. Mwaka 2015 Mkenya Andrew Kaggia alitoa mchezo uitwao Nairobi X, ambamo viumbe kutoka anga za mbali wanaushambulia mji wa Nairobi na mchezaji anaulinda kwa silaha. Mwenye daftari ataandika: bunduki, milipuko, vifo. Naye fundi huyo, na wengine watakaomfuata Mwanza au Dodoma, alihitaji kuambiwa kama mji wake unafanana na Nairobi, kama adui wanatisha au wanachekesha, kama mchezo unakwenda vema katika simu ya bei nafuu. Fundi asiyepata mhakiki hujifunza kutoka kwa wageni, na baadaye sisi tutalalamika kwamba kazi yake ni ya kigeni.

Huko Marekani wapo wahakiki wa dini wanaotoa alama mbili kwa kila mchezo, moja ya ufundi na moja ya maadili. Hatukubaliani nao katika mengi wanayoyatoza, lakini hao angalau wameucheza mchezo, na wamemwachia msomaji nafasi ya kuona kwamba kitu chaweza kuwa kimetengenezwa vizuri na kisifae kwa mtoto, au kikawa safi kabisa na kibovu. Wenzetu wa hapa wana alama moja tu, nayo huitoa kabla ya mechi kuanza.

Ukurasa huu uko wazi kwa uhakiki wa namna nyingine. Tunataka kusoma juu ya mchezo mmoja tu, auchezao kijana wa Mkula au wa Bariadi mwaka huu: mchezaji hufanya nini humo, hushinda kwa njia gani, mechi huchukua muda gani na hugharimu kiasi gani, ni wapi mchezo unapoomba fedha, na ni umri gani unaoufaa. Mwandishi asiyeujua mchezo aende kwanza kibandani, alipe kama wengine, ashike pedi, afungwe mabao sita na mtoto wa darasa la saba, ndipo aje na karatasi yake.