Wachina wa Kubuni katika Kumbi za Ulaya

Tumezoea kuambiwa kwamba katika karne ya 18 mabwana wa Ulaya waliipenda China mno, hata wakaijaza mitindo yao ya rokoko pagoda, majoka na miavuli. Wafaransa huyaita mapambo hayo shinuazeri. Sisi tunakataa kuliita jambo hilo mapenzi.

Hatusemi kwamba kuiga ni kosa. Hakuna utamaduni usioazima, na kauri iliyoanza kutengenezwa Meissen mwaka 1710, kwa kuihusudu ile ya China, ni kazi ya mafundi hodari. Tunalolipinga ni kutamani kazi ya mtu huku mwenyewe akigeuzwa kuwa pambo. Katika kasri la Chantilly, Ufaransa, upo ukumbi uliochorwa mwaka 1737. Kuta zake zenye nakshi za dhahabu zina Wachina na nyani waliochanganywa pamoja, kana kwamba wote ni jamii moja ya viumbe vya kuchekesha. Na huko Potsdam, Ujerumani, nyumba ya Kichina ya Mfalme Frederick, iliyojengwa kati ya 1755 na 1764, imezungukwa na masanamu yaliyopakwa dhahabu yakinywa chai na kupiga ala. Mavazi eti ya Kichina, nyuso za Kizungu!

Maseremala wa Paris nao walivipasua viambaza vya kukunja vya laka kutoka China na Japani, wakavipinda vipande ili kuyavika makabati yao yenye matumbo. Picha aliyoitunga fundi wa mbali ikakatwa palipohitajiwa saraka. Nani aliuliza maana yake?

Watetezi watasema hawakujua. Lakini mwaka 1757 William Chambers, msanifu majengo aliyewahi kufika Canton, alichapisha kitabu akilalamika kwamba mengi yaliyoitwa ya Kichina yalikuwa uzushi mtupu. (Hata yeye, pagoda aliyoijenga Kew mwaka 1762 aliipa ghorofa 10, ilhali pagoda za China kwa desturi huwa na ghorofa za idadi witiri.)

Tutajibiwa kwamba wahenga wetu wa pwani pia walipamba kwa vyombo vya China. Ni kweli, makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalipachikwa mabakuli ya Kichina. Lakini bakuli lilipachikwa likiwa bakuli, juu ya kaburi la mtu aliyeheshimiwa, wala hatujauona ukuta wa pwani ambako Mchina amechorwa pamoja na nyani.