Bweni ni Salama kwa Nani?

Kama kuna chuo kikuu cha Marekani ambacho mzazi angeweza kukitegemea kimlinde mtoto wake anayevutiwa na watu wa jinsia yake, basi ni Rutgers, katika jimbo la New Jersey. Mwaka 1969 mwanafunzi mweusi, Lionel Cuffie, alianzisha hapo chama cha wanafunzi wa aina hiyo, miaka miwili tu baada ya kile cha Columbia, New York, kilichokuwa cha kwanza nchini humo. Mwaka 1989 kamati iliyoteuliwa na rais wa chuo ilitoa ripoti nzima kuhusu hali ya wanafunzi na wafanyakazi hao. Baadaye ikafuata ofisi ya kuwahudumia. Ilipofika 2010, Rutgers ilikuwa tayari na mambo mengi ambayo wanafunzi wa vyuo vingine walikuwa bado wanayaomba.

Septemba ya mwaka huo aliingia mwaka wa kwanza kijana wa miaka 18, Tyler Clementi, mpiga fidla hodari. Hazikupita wiki nyingi, mwenzake wa chumbani akatumia kamera ya kompyuta kumchungulia akiwa na mgeni wake wa kiume, kisha akawatangazia watu kwenye Twitter. Siku mbili baadaye akawaalika wengine watazame tena. Clementi aliyasoma maneno hayo yeye mwenyewe. Tarehe 21 aliomba kuhamishwa chumba. Usiku akamweleza msimamizi wa bweni, akatakiwa aandike malalamiko yake, akaandika. Jioni ya tarehe 22 alijitoa uhai.

Hakuna ajuaye yote yaliyokuwa moyoni mwake, na kifo cha namna hiyo hakina sababu moja. Sisemi kwamba kuhamishwa kungemwokoa. Zinazonisumbua ni zile saa kati ya ombi na kifo, kwa sababu ndipo ubora wote wa Rutgers ulipopimwa. Chama cha 1969, ripoti ya 1989, ofisi na mabango yake, vyote vilikuwapo, lakini jambo lenyewe lilikuwa mikononi mwa fomu ya malazi na msimamizi ambaye naye alikuwa mwanafunzi. Alipokufa, Clementi alikuwa bado mkazi wa chumba kilekile. Nimesoma mengi kuhusu namna ya kuvifanya vyuo viwe salama kwa wanafunzi wa LGBT, yaani wapenzi wa jinsia moja, wanaovutiwa na jinsia zote mbili na waliobadili jinsia, na kila mara narudi kwenye fomu hiyo. Usalama wa mwanafunzi huyu huamuliwa na mambo madogo ya kiutawala: analala na nani, siri yake inashikwa na nani, na akibisha hodi saa sita usiku nani mwenye mamlaka anafungua.

Marekani ilijibu kifo hicho kwa sheria, kama ilivyozoea. Mwenzake wa chumbani alitiwa hatiani mwaka 2012 kwa makosa 15, akahukumiwa siku 30 jela na akatumikia 20. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilifuta hukumu hiyo, kwa kuwa sehemu ya sheria iliyotumika ilikuwa imebatilishwa, na kesi ikaishia kwenye kukiri kosa moja. Sheria kali ya New Jersey dhidi ya uonevu shuleni ilitiwa saini Januari 2011. Muswada wenye jina la Clementi, uliotaka vyuo vyote vinavyopokea fedha za serikali kuu viwe na sera dhidi ya unyanyasaji, umepelekwa mara kadhaa kwenye bunge la Washington na haujawahi kupita. Waliotaka kijana yule afungwe miaka mingi walikuwa na uchungu ninaouelewa. Lakini jela humkuta mkosaji baada ya kosa, na hofu ya jela haikumzuia kijana yule kubonyeza kamera.

Hatua iliyonigusa zaidi haikupata vichwa vikubwa vya habari. Kuanzia mwaka wa masomo uliofuata, Rutgers ilifungua sehemu za mabweni ambako mwanafunzi huchagua wa kuishi naye bila kujali jinsia. Hakuna anayelazimishwa kukaa huko, na anayekwenda hatakiwi kujieleza ni mtu wa namna gani. Hilo la pili ndilo la busara. Ulinzi unaomtaka mtu ajitangaze kwanza humweka hatarini yule aliyekuja kuutafuta, na wanafunzi wengi, hasa wa mwaka wa kwanza, hawajawaambia hata mama zao.

Chumba kina uzito kuliko darasa. Darasani unaweza kukaa mbali na anayekuchukia, na kipindi kikiisha unaondoka. Chumbani unalala mbele yake. Anajua simu yako inalia saa ngapi, anajua nenosiri la kompyuta yako kwa kuyaona tu mapigo ya vidole. Mwanafunzi yeyote wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaelewa: pale vitanda vilipokuwa haba, watu walibebana, wawili kitanda kimoja, na aliyekubeba ndiye aliyeshika maisha yako ya chuo. Hosteli zilizofunguliwa 2017 zilipunguza shida ile bila kuimaliza. Katika hali kama hiyo kuhama chumba huwa ni upendeleo, na anayetishwa hubaki kwa sababu hana pa kwenda. Mtu akimwambia, "Nipe hela ama nakuanika," humpa hela.

Vitisho hivyo havichagui wapenzi wa jinsia moja tu. Huwakuta waliodhaniwa kuwa hivyo: mvulana mwenye sauti nyembamba, msichana anayecheza mpira na kunyoa nywele, mwanafunzi ambaye hajaonekana na mpenzi tangu afike chuoni. Tetesi ikishaenea kwenye kundi la WhatsApp la darasa, haihitaji ushahidi. Ndiyo maana siamini hoja kwamba jambo hili ni la wachache na lishughulikiwe na wachache hao.

Kuna wanaosema vyuo vitoe huduma sawa kwa wote na viache kuwa na ofisi ya kundi hili na lile. Hoja hiyo sasa ni sheria katika majimbo kadhaa ya Marekani. Texas ilipitisha sheria ya kufunga ofisi za usawa na ujumuishi katika vyuo vya umma, ikaanza kutumika Januari 1, 2024. Chuo Kikuu cha Houston kilikuwa kimeshafunga kituo chake cha wanafunzi wa LGBT hata kabla ya tarehe hiyo. Utah ilifuata, na kituo kama hicho cha Chuo Kikuu cha Utah kikafungwa 2024, pamoja na cha wanawake na cha wanafunzi weusi. Kanuni za serikali kuu zilizotolewa Aprili 2024, zilizowaingiza wanafunzi hawa waziwazi katika ulinzi wa sheria ya 1972 dhidi ya ubaguzi wa kijinsia, zilibatilishwa na mahakama ya serikali kuu iliyoko Kentucky Januari 2025.

Hoja ya usawa ina uzito, na waliopokea kodi za watu wote wanapaswa kuijibu. Clementi mwenyewe ni ushahidi kwamba ofisi maalumu peke yake haimfikii aliye bwenini usiku. Lakini kutoka hapo hadi kuifunga ofisi ni hatua isiyofuata. Mshauri wa wote anahudumia wote pale tu anapojua nini kinamleta kila mmoja, na maarifa hayo Houston na Utah zilikuwa nayo ndani ya vituo hivyo, kwa watu waliofanya kazi hiyo miaka mingi. Mwanafunzi aliyefukuzwa nyumbani na kukatiwa ada, mwanafunzi ambaye jina la kwenye kitambulisho na sura yake havifanani, hata mlinzi wa getini anamzuia, hawa hawapati msaada kwa sababu tu mlango umeandikwa "karibuni wote". Nilichokiona katika sheria hizo ni kufungwa kwa milango iliyokuwapo bila kuonyesha mingine iliyo bora.

Historia inaonyesha pia kwamba vyuo havikutoa nafasi hii kwa hiari siku zote. Mwaka 1973 chama cha wanafunzi wapenzi wa jinsia moja cha Chuo Kikuu cha New Hampshire kiliandaa dansi, gavana akalalamika, chuo kikapiga marufuku shughuli za kijamii za chama hicho, na baadaye gavana akatishia kukinyima chuo fedha. Mahakama ya rufaa iliamua mwaka uliofuata kwamba chuo cha umma hakiwezi kukinyima chama haki ambazo vyama vingine vinapewa kwa kuwa tu fikra zake zinachukiza. Majaji hawakutakiwa kusema mapenzi hayo ni mema au mabaya. Walitakiwa kusema kama raia wana haki ya kukutana. Msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua njia hiyo, maana Mahakama ya Juu ya Kenya ilipita humo humo Februari 24, 2023, ilipoamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba kukataa kusajili shirika la kutetea haki za watu hawa kulivunja uhuru wa kujumuika. Vifungu vya kanuni ya adhabu vinavyoadhibu tendo lenyewe vilibaki mahali pake. Ghadhabu iliyofuata bungeni na kwenye nyumba za ibada ilisomeka kana kwamba mahakama imehalalisha ndoa. Haikufanya hivyo.

Na dini je? Sitaki kulipita swali hili, kwa kuwa wasomaji wengi ni watu wa ibada, na vyuo vyetu vingi vina mkono wa kanisa au msikiti. Baylor ni chuo cha Wabaptisti huko Texas, na mafundisho yake kuhusu ndoa hayajabadilika. Mwaka 2022 kilisajili chama cha kuwapa wanafunzi wa LGBT mahali pa kukutana na kusaidiana. Mwaka 2025, baada ya kelele za waumini, chuo hichohicho kilirudisha fedha za utafiti kuhusu ujumuishi wao kanisani. Hatua moja mbele, moja nyuma, lakini ile ya kwanza ilithibitisha kwamba mtu anaweza kushika mafundisho yake na bado akakataa mwanafunzi wake aishi kwa hofu. Jane Clementi, mama yake Tyler, alikuwa muumini wa kanisa la kiinjili. Mwanawe alimweleza ukweli wake siku chache kabla ya kwenda chuo. Baada ya msiba aliliacha kanisa lile, hakuiacha imani, na tangu hapo anazungumza na wazazi wa makanisani. Ningependa wachungaji na masheikh wanaolea vijana wa vyuo wamsikilize mama huyu kabla ya kuandaa hotuba.

Kwetu sheria ni nzito zaidi. Tanzania ina kifungo kinachoweza kufika maisha. Uganda, kwa sheria ya 2023, iliongeza hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na awali ilimlazimu kila mtu aripoti anayemshuku. Hebu fikiria mshauri wa wanafunzi au daktari wa zahanati ya chuo chini ya amri hiyo: kijana anakuja anatetemeka, na kazi ya aliye mbele yake ni kumpeleka polisi. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikifuta kifungu hicho cha kuripoti, ingawa iliacha sehemu kubwa ya sheria. Kwa hiyo hata katika nchi yenye sheria kali kuliko zote za ukanda huu, majaji waliikataa amri ya kuripoti, na kwa kufanya hivyo wakailinda siri kati ya mgonjwa na daktari, kati ya mwanafunzi na mshauri.

Kenya imekwenda mbali zaidi kwenye karatasi. Sheria yake ya ulinzi wa data ya 2019 inataja mwelekeo wa kimapenzi wa mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Msimamizi wa hosteli anayemwandikia mzazi kwamba binti yake "ana tabia fulani", au afisa anayeacha faili la ushauri mezani, anagusa sheria iliyopo leo. Kumrekodi mtu chumbani kwa siri na kumtoza fedha ili asianikwe ni kosa la mwenye kurekodi, bila kujali aliyerekodiwa alikuwa na nani. Makamu wakuu wa vyuo hawahitaji kusubiri bunge ili kuyaandika hayo kwenye kanuni za hosteli na kuyasoma kwa wanafunzi wapya wiki ya kwanza.

Mimi ningeanza na vyumba viwili vya dharura katika kila hosteli, visivyopangiwa mtu muhula unapoanza, na simu moja inayopokewa usiku na mtu mzima mwenye mamlaka ya kumhamisha mwanafunzi kwanza na kuuliza maswali kesho yake. Wahasibu watasema vitanda ni haba, na ni kweli. Lakini kitanda hicho kitamlaza pia msichana anayepigwa na mpenzi wake, na mvulana ambaye mwenzake wa chumbani anakunywa na kuchomoa kisu. Fomu ya kukiomba isiwe na nafasi ya kujaza sababu.