Mfupa Ulookotwa Msituni



Wakaao kando ya misitu yetu, Arabuko-Sokoke upande wa Kilifi na Shimba Hills upande wa Kwale, wamezoea kuwaona watoto wakirejea na walichookota. Pengine ni mfupa mkongwe uliogeuka rangi ya udongo. Mtoto huuliza, “Baba, huu ni wa mnyama gani?” nasi hulitaja jina la kwanza litujialo. Swali hilo lastahiki jawabu la makini.

La kwanza ni kujua kama ni wa mnyama kweli. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na jamaa wakangoja muda mrefu kutambuliwa kwa watu wao. Basi mfupa ukikutia shaka, usiuhamishe. Tia alama mahali hapo, umwarifu chifu au polisi. Mwanadamu ana haki ya kusitiriwa, na nduguze wana haki ya kujua aliko.

Shaka hiyo ikiondoka, tazama meno. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na jamii ya paa hawana meno ya mbele katika taya la juu; punda anayo juu na chini. Ngiri hujulikana kwa meno yaliyopinda na kuchomoza, na mla nyama kwa chonge na magego makali kama mkasi.

Likikosekana fuvu, angalia mfupa ulio juu ya kwato. Kwa ng'ombe, mbuzi na paa, ncha yake ya chini imegawika vichwa viwili, kwani kwato zao zimepasuka mbili. Wa punda haukugawika hivyo. Na ncha za mfupa zikiwa zimebanduka bila kuvunjwa, huenda mnyama alikufa angali mchanga. Wa ndege mara nyingi ni mwepesi, una uwazi ndani.

Hata hivyo, mfupa wa ng'ombe na wa nyati hufanana mno. Hapo ni kazi ya wataalamu, kama wale wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, walio na hazina ya mifupa ya kulinganishia.

Ama ukibainika kuwa wa mnyama wa mwitu, usiufanye pambo la sebuleni. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza kumiliki bila kibali mfupa, jino au pembe ya mnyama wa mwitu, hata ikiwa ni ya kuokota. Waarifu askari wa KWS.

Wala tusiisage mifupa hiyo kuwa dawa. Viini vya kimeta huweza kudumu ardhini miaka mingi. Mtoto na afundishwe kutazama bila kugusa, na aliyekwisha kugusa anawe mikono kwa sabuni.

Mzazi asione haya kumjibu mwanawe, “Twende tukaulize.” Jawabu hilo ni bora kuliko jina la kubahatisha.