UCHANGANUZI: Walimu wakisusia tathmini, bodi ya shule haina pa kujificha

Walimu wa shule za msingi wanapogoma, wazazi wa Thika na Ruiru humkimbilia mwalimu mkuu. Bodi ya usimamizi haikumbukwi, ilhali Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeikabidhi jukumu la kulinda maslahi ya shule pamoja na usalama wa wanafunzi na walimu.

Ni kweli kwamba bodi haina fimbo. Kifungu cha 237 cha Katiba kimeipa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) kazi ya kuwaajiri na kuwaadhibu walimu wa umma, nacho Kifungu cha 41 kinawapa haki ya kugoma. Mwenyekiti anayetisha kuwafuta hujitwika mamlaka asiyo nayo. Isitoshe, mwakilishi wa walimu huketi katika bodi iyo hiyo.

Mnamo 2015, walimu waligoma takriban wiki tano wakidai nyongeza ya mishahara ya asilimia 50 hadi 60. Hata hivyo, KCPE ilifanywa Novemba, kwani mtihani huo ulitungwa na kusahihishwa nje ya shule. KCPE ilikoma 2023. Chini ya mtaala wa umilisi, Baraza la Mitihani (KNEC) huandaa tathmini za shuleni, lakini mwalimu wa darasa ndiye anayezisimamia, kuzisahihisha na kuwasilisha alama mtandaoni. Akisusia, pengo hubaki katika rekodi ya mtoto, huku jirani yake wa shule ya kibinafsi akiendelea kama kawaida.

Kishawishi cha kwanza cha bodi ni kuokoteza vijana wa kidato cha nne wasimamie kazi hiyo. Sheria hairuhusu asiyesajiliwa na TSC kufundisha, na alama za kubahatisha ni mbaya kuliko kukosa alama. Afadhali bodi iitishe kikao mapema na walimu wenyewe, kisha iwaandikie mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo na KNEC kuomba muda, huku ikihifadhi orodha ya watoto walioathirika.

Ruiru, ambao sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 490,120, umejaa wapangaji wanaofanya kazi za zamu. Mama anayeingia kiwandani alfajiri hawezi kupata habari ya mgomo langoni saa mbili. Ujumbe wa simu kutoka kwa bodi, jioni ya kuamkia mgomo, ungemwezesha kumtafutia mwanawe mtu wa kumtunza.