Ukosoaji Usingoje Chuma Kichomelewe

Hoja kwamba mwanafunzi anayeanza mradi wa usanifu akingwe dhidi ya ukosoaji hadi kazi ikamilike, ili asivunjike moyo, ina huruma, lakini inamdhuru yuleyule inayemhurumia. Mwanafunzi wa uhandisi wa kilimo anayesanifu kipalizi cha kusukuma, yaani kifaa chenye gurudumu la meno linalong'oa na kufukia magugu kati ya mistari ya mpunga, akikipeleka katika skimu ya Dakawa, inayomwagiliwa kwa maji ya Mto Wami, atakutana na tope zito la mfinyanzi, ambalo hujaa katikati ya meno mpaka gurudumu linaacha kuzunguka na kuburuzwa juu ya miche. Mkulima aliyezoea tope hilo huliona kosa kwenye mchoro wa penseli, naye huuliza swali zito zaidi: kifaa kitapita wapi katika jaruba lililomwagwa mbegu bila mistari? Kilimo shadidi, ambacho hupandikiza mche mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, huacha njia. Umwagaji wa mbegu hauiachi. Kosa likijulikana mapema hurekebishwa kwa raba. Likijulikana baada ya chuma kuchomelewa, fedha imekwisha na muhula umepita.

Ni kweli, na hapa mtoa hoja anastahili kusikilizwa, kwamba yapo maneno yanayompiga mwanafunzi badala ya mchoro. Dawa yake ni kumfundisha kuuliza kwa mipaka, kwa mfano kuhusu urefu wa mpini kwa mwanamke anayepalilia kutwa nzima, na kuandika kila jibu kabla ya kujitetea.