Chujio la Zamani Lisitupwe

Natoa maoni yangu juu ya jambo lililogawanya Chama cha Sayansi tangu muhula huu uanze. Kaka zetu, wanafunzi wa zamani, wametuletea chujio jipya la tangi la samaki lililo katika chumba cha sayansi. Tunawashukuru sana. La zamani limechoka, pampu yake inanguruma kama mashine ya kusaga posho, na maji yanapita kwa shida. Sasa Siku ya Wazazi inakaribia, na wenzangu wengi wanataka lile jipya lifungwe Ijumaa moja jioni, la zamani litupwe jalalani, na tangi lote lisuguliwe mpaka king'ae kila kioo. Mimi napinga shauri hilo, na sababu zangu ni hizi.

Samaki tulio nao si wa mapambo tu. Ni wale wadogo wa Ziwa Viktoria ambao Waganda huwaita nkejje na Wajaluo huwaita fulu. Zamani ziwa lilikuwa na aina zao kama 500. Sangara aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 aliongezeka mno katika miaka ya 1980, maji nayo yakachafuka, na aina nyingi zikatoweka. Aina nyingine zimehifadhiwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani. Basi mtu anayefuga nkejje na kuwazalisha, hata katika tangi moja la shule, ameshika amana. Si haki tuwaue kwa kutaka kupendeza macho ya wageni.

Lakini kuosha kutawauaje? Hapo ndipo wenzangu wanapocheka. Wao hudhani chujio la tangi ni sawa na chujio la chai, kwamba kazi yake ni kuzuia makapi, na kwamba likiwa safi zaidi ndivyo linavyofaa zaidi. Sivyo. Samaki hutoa amonia, hasa kwa mashavu yake, na chakula kinachooza chini huongeza nyingine. Amonia ni sumu. Katika sponji la chujio wamo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwa maana huifanya damu ya samaki kuwa ya rangi ya kahawia na kushindwa kuchukua oksijeni. Ndipo wanapokuja bakteria wengine, jina lao Nitrospira, wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa nasi huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza hata kuwapo kwa Nitrospira wanaofanya kazi zote mbili peke yao, na baadhi yao walipatikana katika chujio la mahali pa kufugia samaki! Hayo matope ya kahawia tunayoyaona aibu ndiyo makao yao.

Mwenzangu mmoja alisimama mkutanoni akasema, bakteria si wamo majini? Tukiyaacha maji yale yale wataendelea. Ni hoja nzuri, lakini haisimami. Bakteria hawa hushikamana na vitu, yaani sponji, changarawe, mawe, na kioo chenyewe. Wanaoelea majini ni wachache sana. Ndiyo maana tunaweza kumwaga robo ya maji bila hofu, lakini tukitupa sponji tumetupa karibu kiwanda chote. Wala hawarudi upesi. Bakteria wengi tunaosoma habari zao darasani huweza kugawanyika kila dakika 20 wakipata hali nzuri. Hawa wetu huhitaji nusu siku, au siku nzima na zaidi. Tangi jipya huchukua kama wiki 4 mpaka 6 kabla ya kutulia, na katika wiki hizo samaki wangekunywa sumu yao wenyewe.

Basi shauri langu ni kwamba machujio yote mawili yafanye kazi pamoja, ubavu kwa ubavu, kwa wiki 6. Bakteria watahamia katika jipya polepole. Najua litakuwa jambo la kuchukiza macho, mabomba mawili na ngurumo ile ile, tena siku ya wageni. Naliona hilo ni dogo. Na kama pampu ya zamani itakufa kabla ya siku zake, tutoe sponji lake tulikate tulitie ndani ya chujio jipya siku hiyo hiyo, bila kulianika juani hata kidogo. Likihitaji kupunguzwa tope, likamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Maji ya bomba yana klorini, nayo klorini iliwekwa humo makusudi kuua vijidudu. Haiwezi kujua kwamba hawa ni rafiki zetu. Changarawe iachwe kama ilivyo katika majuma hayo, na samaki wapunguziwe chakula.

Liko jambo jingine ambalo huenda halitawapendeza viranja wenzangu. Kazi ya tangi isiwe adhabu. Katika shule nyingine, ambayo sitaitaja, wavulana waliochelewa kanisani walipewa chujio walioshe, wakaliosha kwa sabuni kwa bidii yote, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza lolote. Siku chache baadaye samaki walikuwa juu ya maji wakitweta. Je, wavulana wale wana kosa gani? Waliambiwa wasafishe, wakasafisha. Afadhali wateuliwe wawili wa kidato cha kwanza wanaopenda kazi hii, wafundishwe, wapime maji kila siku ya pili, na kuandika hesabu katika daftari litakalotundikwa ukutani. Amonia na nitriti zikionekana, wabadilishe robo ya maji jioni hiyo, yakiwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini, wala wasingoje mkutano wa chama. Nasi wa kidato cha juu tutaondoka mwisho wa mwaka. Hao watabaki na samaki.

Kwa kaka zetu nina ombi moja. Dawa ya matone ya kupimia maji tuliyo nayo itatosha wiki 3 tu, na kazi hii ni ya wiki 6. Atakayekuja Siku ya Wazazi akipitia mjini, na atukumbuke kwa chupa mbili.